Makao ya Mtu Mzima Asiyejiweza: Mwongozo kwa Diwani na Mwananchi wa Kigoma

Kila mtaa wa Kigoma Ujiji una mtu mzima ambaye majirani wameshaona kuwa hawezi tena kuishi peke yake. Ni bibi aliyebakiwa na chumba kimoja katika nyumba ya urithi baada ya ndugu kugawana vingine. Ni mvuvi wa zamani aliyepooza upande mmoja, anayelala kwenye kibanda cha kuhifadhia nyavu. Ni kijana wa miaka thelathini mwenye ulemavu wa akili, ambaye mama yake amezeeka na kila usiku anawaza atamwachia nani. Majirani wanapeleka chakula, msikitini na kanisani wanachangishana, mwenyekiti wa mtaa anaandika barua ya kuomba msaada. Msaada huo unaweza kumfikisha wiki ijayo, lakini haumpi paa lisilovuja wala mtu wa kumwinua akianguka usiku.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayetaka halmashauri ibebe jambo hilo: diwani, mjumbe wa serikali ya mtaa, afisa ustawi wa jamii, au mwananchi aliyechoka kuandika barua. Utakayoyasoma yote yanatokana na mambo mawili. La kwanza, tafuta fedha za kumlipa mhudumu kabla ya kutafuta fedha za saruji. La pili, usimwondoe mtu mtaani kwake ikiwa ipo njia ya kumwacha hapo. Jengo hupata mfadhili, hupata jiwe la msingi na kiongozi wa kulizindua. Mshahara wa mwezi wa kumi na nne hauna mzinduzi, na ndio unaoamua kama mkazi ataamka akiwa mkavu au akiwa amelowa.

Nani ana wajibu gani

Mkoa wa Kigoma una Makazi ya Wazee Kibirizi, ambayo ni sehemu ya makazi ya Serikali yaliyotawanyika nchini: Nunge kule Kigamboni, Ipuli Tabora, Bukumbi Mwanza, Kolandoto Shinyanga na mengineyo. Haya yako chini ya wizara inayoshughulikia makundi maalumu, wala si mali ya halmashauri. Kwa sababu hiyo madiwani wengi husema, "Wazee ni wa wizara," na mjadala unafungwa hapo. Usikubali ufungwe. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982 inazipa mamlaka za miji jukumu la kuendeleza ustawi wa watu wote walio katika eneo lao. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa ni mtumishi wa halmashauri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa hadi ngazi ya halmashauri. Uliza kamati ya kata yako ilikaa lini. Kama haijawahi kukaa, hapo ndipo pa kuanzia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba familia ndiyo mlezi wa kwanza na makazi ya pamoja ni hatua ya mwisho. Tanzania pia iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani, bila kulazimishwa kuishi kwenye kituo. Ibebe hoja hii mapema, kwa sababu mtu wa kwanza atakayekuunga mkono huenda akapendekeza ekari kumi nje ya mji zizungushiwe ukuta. Ana nia njema, lakini baadhi ya makazi yetu ya zamani yalianza hivyo hivyo, kama kambi za kuwatenga wagonjwa wa ukoma, na ule umbali wa kutoka kwa watu umebaki hata baada ya ukoma kupata dawa.

Hesabu watu kabla ya vyumba

Manispaa ya Kigoma Ujiji ina kata 19. Usijaribu zote. Chukua kata mbili au tatu, pita nyumba kwa nyumba ukiwa na mwenyekiti wa mtaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwanamke mmoja anayeheshimika mtaani, maana kuna mambo ambayo bibi hatamwambia mwanamume. Daftari lako lisiishie kwenye jina na umri. Andika anapolala, anayempikia, anayemshikia fedha, dawa anazomeza, na kama anafika chooni bila kushikwa. Kisha uliza swali linalosahaulika kuliko yote: usiku anakuwa na nani?

Swali hilo peke yake litakugawia watu wako. Wapo wanaohitaji nyumba yao itengenezwe tu, paa na choo. Wapo wanaohitaji mtu wa kupita asubuhi na jioni. Na wapo wachache, wachache kuliko unavyodhani kabla ya kuhesabu, ambao hawawezi kuachwa usiku. Hao wa mwisho ndio wanaohitaji vyumba vyako. Ukijenga kabla ya kujua idadi yao, utajaza nyumba watu wa kundi la kwanza, na wale wa usiku watakosa nafasi.

Majina hayo yasisomwe kwenye mkutano wa hadhara. Familia yenye mtu wanayemfungia ndani kwa sababu ya ugonjwa wa akili haitafungua mlango ikijua itatajwa. Nenda na mtaalamu wa afya, kaa, sikiliza. Mara nyingi wamemfunga kwa sababu aliwahi kupotelea ziwani au barabarani, na hakuna aliyewapa njia nyingine.

Kigoma ina jambo jingine ambalo mikoa ya ndani hailijui sana. Wazee wengi wa hapa, au wazazi wao, walivuka kutoka Kongo na Burundi, wengine enzi za ukoloni, wengine walipokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mzee asiye na kitambulisho cha taifa anaogopa daftari lolote la serikali, akidhani ni la uhamiaji. Mwambie waziwazi daftari ni la nini na nani atalisoma, na usimpeleke mtu yeyote kwenye mlolongo wa kuthibitisha uraia kabla hajapata mahali pa kulala.

Na kama umemkuta bibi anayetuhumiwa uchawi, hoja ya kumwacha mtaani kwake inasubiri. Huyo anahitaji usalama kwanza, na polisi wajue.

Aina tatu za makao, kwa mpangilio wa kuzijaribu

Ya kwanza ni nyumba yake mwenyewe. Mabati, mlango unaofungika, choo cha karibu, taa, na mhudumu wa kupita. Ni nafuu, haina uzinduzi, na ndiyo inayowafaa watu wengi zaidi katika daftari lako. Kwa vijiji vya mwambao, kama Mwamgongo na Kagunga kaskazini, ambako mtu husafiri kwa boti, karibu ndiyo pekee yenye maana: mzee aliyeishi maisha yake yote akisikia mashua zikirudi alfajiri, ukimleta mjini umempa kitanda na kumnyang'anya kila anayemjua.

Ya pili ni familia mwenyeji. Mtu anaishi kwa jirani aliyekubali, na jirani analipwa posho ya kila mwezi na kutembelewa na afisa ustawi. Kwa watoto tayari tunayo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeziweka familia za kambo zinazolea kwa kibali. Kwa watu wazima mji wa Geel nchini Ubelgiji umefanya hivyo kwa wagonjwa wa akili kwa mamia ya miaka, na bado unafanya. Hapa kwetu, Wizara ya Afya iliwahi kuanzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam, ambako mgonjwa alilima na kuishi pamoja na ndugu yake. Wazo la kwamba mtu apone katikati ya watu si geni nchini. Hatari yake ni moja, na ni kubwa: mwenyeji anayepokea posho na kumlaza mgeni wake jikoni. Bila ziara za kushtukiza usiianzishe.

Ya tatu ni nyumba ndogo ya pamoja, watu sita hadi wanane, ndani ya mtaa. Ramani yake unayo mbele ya macho yako Ujiji. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani kwa nyuma na baraza mbele imewahifadhi watu wasio ndugu kwa vizazi vingi. Kila mtu ana mlango wake, wote wana uani mmoja, na aliyekaa barazani anaona wapita njia na anasalimiwa nao. Mwombe mhandisi wa manispaa aanze na ramani hiyo badala ya ile ya bweni la shule.

Kiwanja na jengo

Usikubali kiwanja cha bure ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Ziwa Tanganyika lenyewe linazipuuza hata hizo 60. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji, maji yalikuwa karibu na mahali pale. Baadaye kidogo ziwa lilipasua njia yake ya kutokea mto Lukuga, likashuka, na leo mnara wa kumbukumbu umesimama mbali na ufuko. Kisha kuanzia mwaka 2020 maji yakapanda tena, yakaingia kwenye maeneo ya ufukweni, Kibirizi ikiwemo. Mtu anayeweza kukimbia atahama maji yakija. Mkazi wako hawezi.

Ukipanda juu unakutana na mlima. Kigoma ni mji wa miteremko, na mteremko ndio unaomfungia ndani mwenye kiti cha magurudumu. Kipimo cha kukumbuka ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za njia. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 60 juu ya uwanja inataka njia ya mita 7 na sentimita 20. Fundi atakwambia haiwezekani, atajenga ya mita mbili, na hakuna mkazi atakayeweza kuitumia. Pima mwenyewe kwa futi kabla zege halijamwagwa. Milango iwe na upana wa sentimita 90, na chooni pawe na nafasi ya kiti kugeuka, yaani mita moja na nusu kila upande.

Choo ndiyo sehemu ya kumwaga fedha. Wazee wengi huanguka chooni, na nyonga iliyovunjika katika umri wa miaka 75 mara nyingi haimrudishi mtu kwenye miguu yake. Kiti cha kukalia, vyuma vya kushika kulia na kushoto, sakafu isiyoteleza, na taa inayowaka usiku kucha. Mvua za Kigoma huanza karibu na Oktoba na kwenda hadi Mei, hivyo choo cha nje ambacho njia yake haina paa hakitatumika kwa zaidi ya nusu ya mwaka, watatumia ndoo. Kiunganishe na nyumba.

Hati ya kiwanja iwe kwa jina la halmashauri. Mtu akitoa kiwanja kwa wakfu au kama sadaka, mshukuru, kisha andikisha masharti mbele ya warithi wake wote wakiwa hai na wakiwepo. Sadaka iliyotolewa kwa mdomo hudaiwa na wajukuu.

Fedha, na hesabu ya mhudumu

Utasikia watu wakisema tutumie asilimia kumi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo isiyo na riba kwa shughuli za kiuchumi. Haijengi makao na haimlipi mhudumu. Ruzuku ya TASAF nayo ni ya kaya. Usiiweke kwenye bajeti ya nyumba kana kwamba ni yako.

Ujenzi na ukarabati unaingia kwenye sehemu ya mapato ya ndani inayotengwa kwa miradi ya maendeleo. Hii ndiyo sehemu rahisi. Mhudumu anaingia kwenye matumizi ya kawaida, na humo ndimo panapobanwa kila mwaka. Kwa hiyo nenda na hesabu.

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja. Gawanya, utapata 3.7. Maana yake, ili awepo mtu mmoja macho saa zote katika nyumba moja, unahitaji waajiriwa wanne. Kila mmoja ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, wanne ni siku 112, hivyo unahitaji na wa tano wa kushikilia. Ukimwajiri mmoja na kumwambia "utalala hapo hapo", umeanza na mtu mwema, na baada ya miezi sita utakuwa na mtu aliyechoka anayewafokea wazee.

Sasa linganisha na mhudumu wa kupita. Watu kumi, saa moja kila mmoja kila siku, ni saa 70 kwa wiki. Wahudumu wawili wana saa 90 kati yao, na saa 20 zinazobaki ni za kutembea kutoka Rusimbi kwenda Kitongoni, kufuata dawa hospitali ya Maweni na kuandika daftari. Wahudumu wawili kwa watu kumi, au watano kwa watu wanane: ukiiweka hesabu hiyo ubaoni mbele ya Kamati ya Uchumi, Afya na Elimu, hakuna atakayekuuliza tena kwa nini unataka watu wabaki majumbani kwao. Na nyumba ya watu sita inahitaji wahudumu wale wale watano kama ya watu wanane, kwa hiyo usijenge ya watu watatu.

Angalia tarehe. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango huanza mitaani miezi mingi kabla, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani, na Aprili Bunge linaingia kwenye bajeti. Ombi lako liwe kwenye muhtasari wa mtaa kabla ya mwaka wa kalenda kwisha. Ukilileta Machi utapewa pongezi na kuambiwa mwakani.

Siku ya kuhamia

Kabla mtu hajahamia nyumba ya pamoja, kaa chini uandike mali yake. Nasema hili kwa uzito wote. Katika mji wenye nyumba za urithi za zamani kama Ujiji, hatari ya kwanza ya makao ya wazee ni ndugu atakayemleta mama yake kwa machozi, kisha akauza nyumba. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na ndugu wasaini kwamba chumba au shamba bado ni lake, litapangishwa au litafungwa, na kodi ikipatikana ni yake. Mjane anayefukuzwa na wakwe apelekwe kwa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu na wasaidizi wake wapo. Huenda ukimpigania abaki na chumba chake hutahitaji kumjengea kingine.

Ndugu aliyeleta mtu asaini pia atakuja lini. Siku ya Ijumaa, Jumapili, mwisho wa mwezi, yeye achague, lakini iandikwe. Asipokuja mara mbili, mhudumu apige simu.

Mkazi apewe ufunguo wa chumba chake. Fedha zake azishike mwenyewe, au amtaje kwa mdomo wake anayemwamini, na asiwe mhudumu. Akisema hataki kuhamia, hahamii, hata kama chumba kimekaa tupu na mkaguzi anakuja wiki ijayo. Chakula kiwe kile alichokizoea, ugali wa muhogo, migebuka, maharage yenye mawese, ila kilainishwe kwa asiye na meno. Muulize angependa azikwe wapi na kwa taratibu zipi, kungali mapema, mkiwa mmekaa vizuri. Wazee wanataka kuulizwa hili kuliko vijana tunavyodhani.

Katika kuajiri, uliza lugha. Mtu anayepoteza kumbukumbu huweza kuanza kusahau lugha aliyojifunza ukubwani na kurudi kwenye ile ya mama yake. Bibi aliyeongea Kiswahili cha sokoni miaka hamsini atakuja kuomba maji kwa Kiha, Kibembe au Kirundi. Katika wahudumu watano, angalau wawili wajue Kiha.

Weka kamati ya nyumba yenye wakazi wenyewe, jirani mmoja na mjumbe kutoka kamati ya watu wenye ulemavu ya kata, na wakutane bila mhudumu mkuu kuwepo. Malalamiko yaende kwa afisa ustawi na nakala kwa diwani. Ripoti ya robo mwaka iseme walioanguka, waliolazwa, waliotembelewa na ndugu, na wahudumu waliolipwa kwa wakati.

Baraza la Madiwani likipitisha, usiridhike na makofi. Soma muhtasari. Uwe umetaja kata, idadi ya nyumba zitakazokarabatiwa, idadi ya wakazi, idadi ya wahudumu, na kasma ambayo mishahara yao inatoka. Ukikuta ujenzi umetajwa na kasma ya wahudumu haimo, simama kwenye kikao kinachofuata kabla muhtasari haujathibitishwa, uombe usahihishwe.